Jibu: Kwa nini Panait Istrati alitupwa na wenzake?

Mkuu, umeuliza kwa nini Istrati, mwandishi wa Romania, alitupwa na wenzake. Jamaa alizaliwa 1884 Brăila, bandari ya mto Danube huko Romania, mama yake dobi. Amepaka rangi nyumba, amepiga picha za mitaani huko Nice, Ufaransa. Januari 1921 alijikata koo. Wakamkuta na barua aliyomwandikia Romain Rolland, mwandishi maarufu wa Ufaransa. Akapona, na Rolland huyohuyo akamsukuma aandike, tena kwa Kifaransa alichojifunzia ukubwani!

Kimbembe kilikuja 1929. Alizunguka Urusi ya Kisovieti akirudi akaandika alichokiona: wafanyakazi wakionewa na wakubwa wa chama. Wakomunisti Ufaransa, waliomwona mwenzao, wakamwita msaliti, Rolland naye akajitenga. Kifua kikuu kikammaliza Bucharest, 1935. Brăila sasa wana nyumba ya makumbusho yake.