Fundi kala hela, bafu linavuja, simu hapokei

Pole sana dada. Kwa ulivyoeleza, bafu la juu limewekwa marumaru mpya mwezi tu umepita na dari la jipsam la sebuleni chini yake lishaanza kuweka madoa, fundi meseji anasoma hajibu. Kwanza usiruhusu fundi mwingine aguse hapo, akishabomoa tu ushahidi umeondoka na yule wa mwanzo atasema huyo ndo kaharibu.

Fanya hivi, ziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa tambara na nailoni, jaza maji kina cha vidole viwili hivi, weka alama ukutani kwa penseli, acha mpaka kesho muda kama huo, bafu lisitumike. Maji yakishuka na doa likalowa basi wotaprufu, ile dawa ya kuzuia maji chini ya marumaru, hakuweka au kaweka ya kudanganyia, yasiposhuka kagua mabomba. Piga picha zote, na zile meseji za M-Pesa usifute hata moja, ndo mkataba wako huo maana mafundi wetu karatasi wanaziogopa.

Halafu mtumie meseji moja tu ya adabu, picha ndani, mpe siku saba. Matusi weka pembeni, yatakurudia. Akikausha nenda serikali ya mtaa anakoishi, barua ya wito ya mwenyekiti mafundi wengi inawatoa mafichoni. Ikishindikana fungua madai mahakama ya mwanzo, unaweza kwenda mwenyewe hata bila wakili. Polisi watakwambia ni madai, si jinai, usijichoshe.

Na aliyekuunganisha na huyo fundi mpigie leo leo, huyo simu yake atapokea.