Kwa mganga mfawidhi mpya: anza na stoo

Ukipangiwa kuongoza kituo cha afya kwa mara ya kwanza, viongozi wa kata watakupokea kwa kukutembeza kwenye majengo. Hapa wodi ya wazazi, hapa maabara, pale msingi wa jengo la upasuaji. Tembea nao, shukuru. Jioni wakishaondoka, chukua funguo za stoo uingie peke yako na daftari.

Mimi nilifanya kinyume. Kituo changu cha kwanza kilikuwa bonde la Ziwa Rukwa, na miaka miwili mizima nilihangaikia jengo la upasuaji. Nilipiga hodi halmashauri mpaka makarani wakanizoea. Likakamilika, likapakwa rangi, mgeni rasmi akakata utepe. Kisha likakaa na kufuli miezi 14, maana hatukuwa na mtaalamu wa usingizi. Meza ya upasuaji tuliifanya mahali pa kuweka maboksi ya gozi na madaftari ya zamani ya MTUHA, yale ya kuandikia takwimu za huduma za kituo. Mama aliyekwama kwenye uchungu tulimpitisha mbele ya mlango ule ule tukielekea kwenye gari la wagonjwa, aanze safari ya vumbi kwenda hospitali ya wilaya.

Kwa hiyo omba watu kabla ya kuomba matofali. Usisome ikama kwa jumla tu, kwamba wanahitajika wangapi na wapo wangapi. Chukua huduma moja uiandikie majina. Upasuaji wa kumtoa mtoto unataka anayepasua, wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na wa maabara wa kupima damu. Halafu uandike safu ya pili ya majina, kwa sababu hao wa kwanza nao hulala, huugua na huenda likizo. Pale penye nafasi wazi ndipo barua yako ya kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya ianzie.

Sisi tulipona kwa kumpeleka muuguzi wetu wenyewe kusomea usingizi. Wenzake walibeba zamu zake mpaka alipomaliza, wakalalamika, na walikuwa na haki. Lakini alirudi, kwa sababu kwao ni tarafa ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 na tena 2021 kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini, linahimiza kuwasomesha waliotoka huko huko. Mabibi wa kijijini kwetu wangekwambia hivyo bila kikao.

Kuna mwingine tuliyempoteza, mkunga hodari sana. Nyumba ya mtumishi ilikuwa ikivuja, akapanga chumba jirani na kilabu cha pombe. Akitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, spika ndiyo kwanza zinawashwa. Baada ya masika mawili akaomba uhamisho wa kumfuata mume, mume ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Sikumuuliza. Nilichopaswa kufanya ni kuziba lile paa mapema, kwa mabati machache na misumari. Kamati ya kituo itanung'unika kwamba unajenga nyumba wakati wagonjwa hawana mashuka. Waeleze, wavumilie, ziba paa.

Kuhusu mashine za msaada, uliza kabla haijapakiwa melini. Inatumia umeme gani? Vipuri vyake vinauzwa wapi hapa nchini? Kitabu chake cha maelekezo kipo? Marafiki wa ng'ambo walituletea mashine ya mtumba ya kufyonza majimaji kwa mgonjwa kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120. Wetu ni 230. Muuguzi aliichomeka kwa furaha. Ikatoa moshi kabla hajaondoa mkono kwenye swichi.

Na hata iliyo nzima hufa kwa vumbi. Tulikuwa na mashine ya kuzalisha oksijeni tuliyokwisha kuiandika "mbovu" kwenye leja. Fundi wa vifaa tiba alipokuja kwa shughuli nyingine, aliigeuza, akachomoa sponji ya chujio nyuma yake na kuikung'uta. Vumbi lilimwagika kama unga wa muhogo. Akaiosha kwa sabuni, akaianika kivulini, jioni mtoto mwenye nimonia akavuta oksijeni yake. Toka siku hiyo mhudumu wetu wa usafi huosha chujio kila Ijumaa na kutia saini kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Hana cheti cha ufundi wowote, na hajawahi kukosa Ijumaa. Pata namba ya simu ya fundi kama huyo wiki yako ya kwanza, umpigie hata kama hakuna kilichoharibika.

Ndani ya stoo, angalia kwanza sindano za oksitosini, zile za kuzuia mama asitokwe na damu baada ya kujifungua. Zetu zilikaa rafuni katika chumba cha kujifungulia, katika joto la bonde lile, na tukawa tunashangaa kwa nini mama anachomwa na damu haikati. Zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, joto lile lile la chanjo. Nilizungumza na mratibu wa chanjo wa wilaya, akasita kidogo, akakubali. Tukanunua kikapu cha plastiki cha bluu sokoni, tukakiweka rafu ya chini ya friji ya chanjo, kimeandikwa kwa maka peni: WODI YA WAZAZI.