Mahafali Jumamosi, matarumbeta yamegoma

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Rombo. Nimeachiwa bendi ya shule baada ya mwenzangu kuhamishwa. Mahafali ya kidato cha nne ni Jumamosi, na leo ni Jumanne. Tarumbeta moja, pistoni ya katikati ukiibonyeza hairudi. Nyingine kidomo cha kupulizia kimenasa, vijana wamekivuta kwa plaizi wapi. Tromboni imebonyea kwenye bomba la kuvuta, na ngoma ndogo imechanika. Fundi wa gereji anasema atapitisha gesi, yote yatapona. Nimpe?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nilikupigia siku ileile, ila swali hili hunifikia kila msimu wa mahafali, nikaona nilijibu na hapa.

Usimpe! Viungo vya tarumbeta vimeshikwa kwa lehemu laini, inayeyuka kwenye nyuzi 200 na ushee tu. Ule moto wa kuchomelea utaziachanisha bomba kabla fundi hajashtuka. Siku kiungo kikiachia kweli, mtafute fundi rejeta mtu mzima, wa enzi za rejeta za shaba, na umwambie afunge kitambaa kibichi kwenye viungo vya jirani.

Sasa pistoni. Nilikuuliza vijana wanakula nini kabla ya mazoezi, ukacheka: maandazi na soda. Basi sukari yote imo humo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, yasiwe ya moto, rangi itabanduka. Toa pistoni moja, isafishe, irudishe, ndipo uguse nyingine. Zina namba na haziazimani nyumba. Ukiirudisha upande, pumzi haipiti kabisa, na utadhani umeua chombo. Weka mafuta ya pistoni. Ukiyakosa, matone mawili ya mafuta ya cherehani yatakuvusha Jumamosi. Sisi vijana wa matarumbeta kanisani tulitumia mafuta ya taa, harufu haikutoka mdomoni hadi Jumatatu. Ya kupikia usithubutu, yanaganda.

Ikiwa baada ya kuosha bado inagoma, tazama kile kibomba kifupi kinachochomoza ubavuni mwa pistoni ya pili. Kikigongwa ukutani au mlangoni mwa basi, kinasukuma nyumba ya pistoni ndani kidogo sana, jicho halioni. Hapo hakuna msasa! Msasa ukipita, pistoni itavuja maisha yake yote. Iweke kando, ije kwa fundi wa vyombo baada ya sherehe.

Kidomo kiache kilivyo. Kimenasa, lakini si kinalia? Mwambie kijana apige hivyohivyo, na hizo plaizi uzifungie ofisini.

Tromboni usihangaike nayo wiki hii. Bomba lile ni jembamba mno, ukilinyoosha kwa nyundo unalipoteza. Yule kijana mpe matoazi. Atanuna, lakini atatokea kwenye picha zote.

Ngoma ndiyo ya kukimbilia leo. Vua pete ya juu, upime upana wa pipa lenyewe, siyo wa pete, kwa inchi; nyingi za shule ni 14. Mpigie muuza vyombo Dar, umwambie ni ngozi ya juu, apakie basi la usiku. Usigeuze ile ya chini kuwa ya juu, ni nyembamba, haitamaliza hata wimbo wa taifa.