Sprei ya Nywele Haishiki Glita

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nilinunua mtaa wa Makoroboi, Mwanza, mita nne za neti ya glita, rangi ya dhahabu, za gauni la sendofu ya binti yangu. Shughuli ni wiki tatu zijazo. Kufika Nansio nakuta begi zima linameremeta, hadi kanga zilizokuwa chini yake. Dada wa saluni anasema gauni likishashonwa nilipulizie sprei ya nywele, eti inagandisha. Jirani naye anasema niifue kwanza ziwani mara mbili tatu ili punje zisizoshika zitoke zote. Nifuate lipi? – Mama wa Ukerewe

JIBU: Hongera, mama, kwa kumfikisha binti hapo. Ila usifuate hata moja.

Nianze na hiyo sprei, maana imenichosha. Kila msimu wa harusi naletewa gauni zilizopulizwa, na mwenye nguo ananiuliza kwa nini haikushika. Ndani ya kile kikopo mna utomvu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Spiriti ikiruka, utomvu unabaki juu ya unywele kama utando mwembamba, na umetengenezwa makusudi utoke kwa maji, vinginevyo kichwa kingeoshwaje? Sasa utando huohuo unauweka kwenye gauni litakalochezewa muziki usiku kucha, jasho likitiririka kwapani na unyevu wa ziwa ukiingia madirishani. Kwanza utanata. Kisha utakamata vumbi. Mwisho utamenyeka na kuondoka na glita yake. Tena zipo gundi zinazolainika kwa spiriti: mteja wangu mmoja alipuliza kifuani tu, na kifua ndicho kilichobaki na vipara huku sketi ikiwa salama.

Glita ni vipande vya plastiki nyembamba, aghalabu poliesta, iliyopakwa aluminiamu ili ing'ae, na rangi juu yake. Haikufumwa wala kushonwa kwenye uzi, imeshikwa na gundi iliyo chini yake basi. Gundi ikiwa haba tangu kiwandani, chochote utakachopuliza kwa juu hakifiki penye ugonjwa.

Kwa hiyo tandika shuka sakafuni, ikung'ute neti yako juu yake, kisha ibandike na kuibandua kwa selotepu pana, kipande kwa kipande. Hizo zilizokuwa zimelala tu ndizo zilizojaa kwenye begi. Baada ya hapo kata kipande cha ukubwa wa kiganja, ukisugue na kitambaa cheupe mara ishirini. Zikitoka punje chache, mpe fundi ashone. Zikitoka nyingi, nunua neti laini isiyo na glita, ya rangi hiyohiyo, ipite juu ya hii ya glita, na bitana ipite chini. Glita inakaa katikati kama nyama kwenye sambusa. Mng'ao utapungua kidogo, lakini taa za ukumbini zitaufidia, na binti hatawashwa ngozi wala kuwapaka dhahabu wageni wanaomkumbatia. Makwapa, na upande wa ndani wa mikono, mwambie fundi aweke kitambaa kitupu. Pale panasuguana muda wote, hakuna gundi inayodumu.

Gundi halisi ya kitambaa, inayokauka bila rangi, ipo na inafanya kazi kwenye kitambaa kizito kama velveti: unapaka kwa brashi, nyembamba sana, baada ya kujaribu kwenye kipande cha pembeni. Nyingi zinataka siku nzima kukauka na siku tatu kabla ya kuguswa na maji, kwa hiyo soma maelezo ya chupa. Kwenye neti sikushauri. Inaziba vile vitundu na gauni linasimama kana kwamba limetiwa wanga.

Pasi usipitishe juu ya glita. Ukilazimika, geuza nguo, weka kitambaa katikati na tumia moto mdogo. Na usiipeleke drai klina bila kuuliza, kwa sababu dawa zao nyingine huyeyusha gundi.

Kufua ziwani kabla ya kushona ni kuipoteza mali yako. Neti ikisuguliwa kwenye jiwe na kukamuliwa inaachia hata glita iliyokuwa imeshika vizuri. Na inayotoka haiozi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni hapa Mwanza: samaki mmoja katika kila watano, kwa aina zote mbili, alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Sisemi ilitoka kwenye magauni yetu, ila glita ni plastiki iliyokwisha kusagwa tayari, na samaki hao ndio tunaowaweka mezani. Siku ya kufua, geuza ndani nje, tumia beseni, maji baridi na sabuni kidogo bila brashi, chuja maji kwa kitambaa, kisha anika kivulini.

Sasa niseme na wengine wanaosoma, maana swali hili siletewi na mama huyu peke yake. Kuna wanaopita na vichupa visivyo na lebo wakiviita dawa ya kushika glita. Kama muuzaji hawezi kukuambia ndani mna nini, usimpe hela yako. Kuna wanaotumia supaglu: inakakamaa na kukwaruza ngozi, na ikigusa pamba huweza kupata moto ghafla kiasi cha kumuunguza aliyeishika.

Linaloniogopesha zaidi ni sprei kwenye nguo za watoto. Gesi inayosukuma sprei nyingi ni ya ukoo mmoja na ile ya mtungi wa jikoni, na spiriti inashika moto upesi. Watu wanampuliza mtoto akiwa amekwisha kuvaa, dakika chache kabla ya keki yenye mishumaa, au bibi harusi mlangoni akisubiri kupita kwenye fataki. Poliesta ikiwaka inayeyuka na kugandia mwilini, haibanduki kama kitambaa cha pamba. Nisikie fundi au mpambaji anafanya hivyo, nitamwambia usoni aache.

Aliyekwisha kupuliza asiivae nguo hiyo kwanza. Aitundike nje, penye upepo, mbali na jiko, mpaka harufu iishe kabisa, kisha aifue kwenye beseni kama nilivyoeleza. Sprei nyingi itatoka.