Jibu: chaja ya hewani ya mita 5, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama kile kiboksi kinachouzwa mtandaoni, kinachosemwa kuwa kinachaji simu popote ulipo chumbani hadi mita 5, ni cha kweli, na kama mtu anaweza kujiundia cha kwake. Umeme kupita hewani unapita, hilo lisikupe shida. Mwaka 1975 kule Goldstone, California, waliurusha kwa mikrowevu umbali wa kilomita 1.5 hivi na kupokea zaidi ya kilowati 30. Lakini dishi la kurushia lilikuwa na upana wa mita 26. Wewe una simu, na tatizo lote liko kwenye mgongo wa hiyo simu.

Piga hesabu. Kwa mawimbi ya redio ya GHz 2 kwenda juu, kiwango cha juu cha usalama cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii) kwa mwananchi wa kawaida ni wati 10 kwa kila mita ya mraba. Mgongo wa simu ni sm 7 kwa 15, yaani mita ya mraba 0.0105. Hata mgongo wote ukiwa antena isiyopoteza chochote, utavuna wati 0.1 basi. Betri ya mAh 5000 inabeba wati-saa (Wh) 19 hivi, kwa hiyo unahitaji saa 190, karibu siku nane, simu ikiwa imezimwa. Ukiwasha kioo tu inakula wati 1 au zaidi, hapo unajaza maji kwenye pakacha. Ukitaka wati 5, ile chaji ya polepole kabisa, mgongo lazima upigwe na mawimbi karibu mara 50 ya kiwango hicho, na wewe umekaa hapo hapo. Jua la saa sita linatoa kama wati 1000 kwa mita ya mraba, ndiyo maana kisola cha ukubwa wa simu kinakupa wati 2 hivi. Kama ni kuchaji kwa mbali, huyo ndiye mshindi.

Na hiyo wati 0.1 ni kwa mtambo wenye nguvu na unaolenga. Chukua kifaa cha kawaida cha MHz 915 chini ya kanuni za Marekani: wati 1 kwenye antena ya dBi 6, yaani inayokusanya nguvu upande mmoja mara nne hivi, sawa na wati 4 kuelekea upande huo. Kwa mita 3, antena ndogo ya simu inapata kama miliwati 0.3. Kuugeuza umeme huo kuwa DC, ule wa betri, unahitaji dayodi za Schottky (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), na kwa nguvu ndogo hivyo volti zake hazitoshi hata kuifungua dayodi vizuri. Tuwe wakarimu, tuseme nusu inabaki: betri ileile itajaa baada ya miaka 14. Ukihamia GHz 2.4 unavuna pungufu zaidi, kama mara saba, kwa sababu antena inakuwa ndogo.

Wauzaji hupenda kutaja kibali cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Kweli, kampuni ya Energous walipata kibali Desemba 2017 kwa kifaa cha hadi sm 90 hivi, ila kibali kinasema kifaa hakivuki mipaka, hakisemi simu yako itajaa. Xiaomi nao Januari 2021 walionyesha mtambo wa antena 144 na kutaja wati 5. Uko wapi dukani?

Kwa koili, yaani waya uliozungushwa unaopitisha umeme kwa uga wa sumaku badala ya mawimbi ya redio, habari ni tofauti. Mwaka 2007 kikundi cha Marin Soljačić pale MIT kiliwasha balbu ya wati 60 kwa mita 2, ufanisi kama asilimia 40 kati ya koili na koili. Koili zilikuwa na upana wa sm 60 kila moja, na ukutani mtambo ulivuta wati 400. Ukishavuka umbali sawa na upana wa koili, uga wa sumaku unashuka kwa kipeo cha tatu. Koili ya simu ina sm 4 au 5, hivyo Qi, ule mfumo wa kuchaji simu kwa kuilaza juu ya pedi, inafanya kazi kwa milimita chache tu.

Zile video za transista moja na koili ya waya mwembamba inayowasha LED hewani hazidanganyi kuhusu LED. LED inawaka kwa miliampia 1. Simu inataka mamia. Ukiiunganisha, volti 5 zinaonekana, alama ya chaji inatokea, simu inaanza kuvuta, volti zinaporomoka, alama inapotea, kisha inarudi. Ule mlio wa tin... tin... tin ndio huo.

Ukitaka meza isiyo na waya, hili linafanyika. Nunua pedi ya Qi ya wati 15 na adapta ya PD (chaji ya haraka ya USB-C) ya wati 20 au zaidi. Wengi huchomeka adapta ya zamani ya 5V 1A halafu wanalaumu pedi. Geuza meza, chonga upande wa chini shimo lenye upana wa pedi na nafasi kidogo pembeni, ubakize mbao ya mm 4 hadi 5. Usizibe chini yote, joto litoke, maana betri ikipata moto simu yenyewe inapunguza kasi. Weka alama juu ya meza, kwani koili zikipishana sm 1 tu chaji inaweza kukata. Kava nene, pete ya chuma na kadi ya benki nyuma ya simu vitoe kabisa. Simu isiyo na Qi inahitaji kipokezi cha kubandika chenye kichwa cha Type-C, usitegemee zaidi ya wati 5.

Zipo pia chaja za kubandika chini ya mbao ya hadi mm 30 bila kuchonga. Zinasukuma nguvu zaidi, na kwa umbali huo ni vigumu kwao kutofautisha simu na sarafu, kwa hiyo funguo juu ya meza zinaweza kupata moto.

Kuhusu kile kiboksi, kabla hujalipa mwambie muuzaji aweke kipima USB kati ya kipokezi chake (kile kinachounganishwa na simu) na simu, kiboksi kiwe mita 2, na asome miliampia kwa dakika kumi mfululizo. Kisha achomoe kiboksi ukutani. Miliampia zikibaki vilevile, kuna betri ndani ya kipokezi.