Mzee anapozidiwa ndani ya gari la wagonjwa

Ndugu wa Uvinza, umeuliza uanze kujifunza nini, kwa kuwa umepangiwa gari linalowapeleka wazee Hospitali ya Maweni, Kigoma. Anza na kukandamiza kifua cha mtu aliyezimia na asiyepumua kawaida: katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kiinuke kila mara. Omba mkufunzi akusimamie kwenye sanamu ya mafunzo, kwani mikono huchoka upesi kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana wasaidizi hupokezana kila baada ya dakika 2. Mzee anayepatwa na shambulio la moyo, hasa mwenye kisukari, huenda asilalamikie maumivu ya kifua kabisa, bali akahema, akatoka jasho na kulegea; ukiona hivyo mpigie daktari mara moja, wala usimpe dawa bila maelekezo yake.