Nilianza dawa na CD4 64 mwaka 2007: jibu kwa mwenzetu mwenye 178

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Umeanza dawa za virusi vya ukimwi miezi minne iliyopita na CD4, yaani hesabu ya chembe nyeupe za kinga ambazo virusi huziua, ikiwa 212, juzi umepima imekuja 178, halafu jamaa wa kazini amekwambia aliye chini ya 200 hamalizi miaka miwili. Huyo jamaa anaongea habari za kabla ya 2004, dawa zilipokuwa hazijaanza kutolewa bure hapa Tanzania. Mimi nina kauntabuku yenye kila kipimo changu tangu 2007, na ukurasa wa kwanza umeandikwa 64.

Enzi hizo kliniki yetu ilichukua damu ya CD4 Jumanne tu. Saa kumi na mbili asubuhi tuko kwenye benchi, kila mmoja na kichupa chake cha kifuniko cha zambarau, halafu kisanduku kinapakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya mkoa, maana damu ile haitakiwi kulala siku nyingi. Wiki nyingine unaambiwa vitendanishi vimeisha, rudi mwezi ujao. Nilikuwa na kilo 47, utandu mweupe mdomoni, na makovu ya mkanda wa jeshi ubavuni.

Mdogo wangu tulipima naye siku moja. Yeye 290. Nyumbani tulimpongeza kabisa. Mwongozo wa wakati ule ulisema chini ya 200 unaanza dawa. Ukiwa juu ya hapo na huumwi sana, unasubiri, unapimwa kila baada ya miezi sita. Basi mimi nikaanzishiwa, yeye akaambiwa bado. Kijana ana nguvu zake, umemwambia bado, atakaa kusubiri nini? Akaenda migodini kutafuta maisha, kliniki akaisahau. Aliporudi 2009 shingo imekakamaa, maneno hayaeleweki. TB ilishapanda kwenye ubongo. CD4 yake 41. Alikaa wodini wiki tatu tukamzika. Yangu mwezi huo ilisoma 238.

Kwa hiyo ukiniuliza kama CD4 inatabiri kifo, nakubali inatabiri, lakini inatabiri ya kundi. Chukua watu elfu walioanza dawa chini ya 50 na elfu walioanza juu ya 350, mwaka wa kwanza misiba mingi itatoka kundi la kwanza, hilo halina ubishi. Ni nani hasa kati yao, kikaratasi hakijui. Na mdogo wangu hakuuawa na 290. Aliuawa na kule kusubiri. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango cha kuanza dawa hadi 350 mwaka 2010, kisha 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 majibu ya utafiti wa START, watu 4,685 katika nchi 35, yakaonyesha walioanza dawa mapema, CD4 ikiwa bado juu ya 500, walipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57 kuliko walioambiwa wangoje. Siku hizi ukikutwa na virusi unaanza, namba iwe yoyote. Kwetu habari hiyo ilichelewa miaka sita.

Turudi kwenye 178 yako. Toka 212 ni tofauti ya 34 tu, na CD4 inaweza kucheza hivyo bila sababu ya maana. Asubuhi huwa chini, jioni hupanda. Homa, malaria, hata mafua huishusha. Mwaka 2012 yangu ilitoka 455 ikaanguka 322, usiku sikulala, nikaanza hadi kuhesabu madeni. Kumbe wiki mbili nyuma nilitoka kuugua malaria. Iliyofuata ilikuwa 470.

Kipimo cha kukimbilia wewe ni wingi wa virusi, ambacho kwa kawaida hupimwa ukitimiza miezi sita kwenye dawa. Virusi vikiwa vimefubaa, CD4 itapanda kwa mwendo wake. Wengine huchukua miaka. Vikiwa juu, hapo ndipo pa kuuliza kama dozi unaikosa au dawa imegoma. Na kwa kuwa uko chini ya 200, usiondoke kliniki bila kuulizia septrini (dawa ya kukukinga na maambukizi wakati kinga iko chini), kuchunguzwa TB hata kama hukohoi, na kipimo cha damu cha fangasi wa kriptokokasi. Fangasi huyo huingia kwenye ubongo kimyakimya, na akiwahiwa kwenye damu anatibika.

Ikishapanda usije ukafanya niliyotaka kufanya mimi nilipofika 500, nikajiona nimepona, nipumzike dawa. Utafiti wa SMART uliwapumzisha watu namna hiyo, CD4 ikizidi 350 wanaacha, ikishuka chini ya 250 wanarudia. Ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu walioacha walikufa zaidi, wengine kwa moyo na figo, magonjwa ambayo hakuna aliyeyahesabu kuwa ya ukimwi.

Sasa hivi nina 610, virusi havionekani. Daktari mmoja alinionyesha namba nyingine kwenye karatasi hiyohiyo, CD4 ukigawanya kwa CD8, aina nyingine ya chembe za kinga. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa juu ya 1. Yangu ni 0.6. Wanasayansi wa Uswidi waliwahi kukuta wazee sana, wasio na virusi kabisa, ambao uwiano wao umepinduka chini ya 1 wakifa mapema kuliko wenzao. Sikuipenda habari hiyo. Sigara niliacha wiki ileile, na presha napima kila mwezi.

Hebu tuambie, hiyo 178 ulitoa damu saa ngapi, na ulikuwa na homa yoyote wiki hizo?